Nyumba ya Mawe ya Kiitaliano na Kiambaza cha Nakivale

Mtu akisimama siku hizi mahali palipoinuka mjini Mbarara na kuvitazama vilima vinavyouzunguka mji, hataacha kuziona nyumba mpya ambazo wenyewe wamezijenga kwa jasho na kwa fahari. Mbele zimesimamishiwa nguzo nene za saruji, mbili au nne. Madirisha yamepewa vichwa vya mviringo. Barazani vimepangwa vijinguzo vifupi vyenye viuno, mithili ya chupa juu ya rafu ya duka. Mtindo huo haukuzaliwa Ankole, wala haukuzaliwa Uingereza kama wengi wanavyodhani. Asili yake ni Italia, nao umetufikia kwa njia ndefu, ukipita mikononi mwa wafalme, maofisa wa kikoloni, wamisheni, mafundi wa Kihindi na, siku hizi, wauzaji wa ramani za nyumba.

Mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka hapo, katika Wilaya ya Isingiro ambayo hadi mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya Mbarara, yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Huko nyumba nyingi ni za miti, fito na udongo, au za matofali mabichi yaliyokaushwa juani. Hakuna nguzo za saruji wala vijinguzo vyenye viuno. Ndugu msomaji ataweza kuuliza: je, nyumba ya mawe ya Kiitaliano na kiambaza cha Nakivale vina uhusiano gani? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uhusiano upo, na kwamba katika mambo mawili matatu yanayohusu uhai wa nyumba, kiambaza kilichojengwa vizuri kimeushika mtindo wa Kiitaliano kuliko jumba lenye nguzo nne.

ASILI YAKE NI SHAMBANI

Watu husema "mtindo wa Kiitaliano" wakafikiria makasri. Kwa hakika, sehemu kubwa ya yale yanayoutambulisha mtindo huo ilitoka katika nyumba za wakulima wa vijijini, hasa katika nchi ya Toscana iliyo katikati ya Italia. Nyumba hizo zilijengwa kwa mawe yaliyookotwa au kuchongwa papo hapo mlimani, yakashikanishwa kwa chokaa na mchanga. Kuta zake ni nene, aghalabu nusu mita au zaidi. Ukuta mnene wa namna hiyo hulichelewesha jua la mchana lisipenye ndani, na usiku hutoa polepole joto ulilolihifadhi. Sisi tunaoishi Mbarara, mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,400 hivi, tunaufahamu ubaridi wa alfajiri, na kwa hiyo tunaweza kuelewa faida hiyo bila kufundishwa.

Chini, katika ghorofa ya kwanza, walilala ng'ombe na zilikaa zana za kilimo. Familia ilikaa juu, nao mvuke wa wanyama uliwasaidia kupata joto wakati wa baridi kali. Mbele palikuwa na baraza yenye matao, ambapo watu waliweza kufanya kazi na kuanika mazao pasipo kunyeshewa. Juu ya paa, mara nyingi katikati, palichomoza chumba kidogo cha mraba kama mnara. Leo wasanifu wa majengo wakitaka kuipa nyumba sura ya Kiitaliano huichorea mnara. Ni wachache wanaojua kwamba mnara huo wa wakulima ulikuwa nyumba ya njiwa: njiwa walitoa nyama, na samadi yao ilirutubisha shamba.

Kitu cha nne, na kwa maoni yangu ndicho kikubwa kuliko vyote, ni upenu. Paa la nyumba ya Kiitaliano halikomi pale ukuta unapokoma. Hutokeza nje, pengine zaidi ya nusu mita, likiufunika ukuta kama kofia pana ya mchungaji. Ili upenu huo usining'inie na kuvunjika, uliwekewa chini yake mikono ya mbao au mawe iliyotoka ukutani kwenda kuushika. Katika nyumba za matajiri mikono hiyo baadaye ilichongwa maua na majani ikawa pambo, lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba.

Hata ujenzi wa mabwana wakubwa wa Italia haukuwa wa mawe matupu kama tunavyodhani. Msanifu mashuhuri Andrea Palladio, aliyeishi kati ya mwaka 1508 na 1580, alianza maisha yake kama mwanagenzi wa fundi mchonga mawe mjini Padova akiwa na umri wa miaka 13. Nyumba alizowajengea wenye mashamba wa eneo la Veneto husifiwa na wasomi wa dunia nzima kwa nguzo zake. Nyingi za nguzo hizo ni matofali ya kuchoma yaliyopigwa lipu ya chokaa, yakaonekana kama jiwe. Basi mwananchi wa Mbarara mwenye nyumba ya matofali asijione mnyonge mbele ya Palladio.

Waingereza waliipenda sura hiyo. Mnamo mwaka 1802 hivi, msanifu John Nash alijenga katika mkoa wa Shropshire nyumba iitwayo Cronkhill, yenye mnara na baraza ya matao, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo nchini Uingereza. Kati ya mwaka 1845 na 1851, Malkia Victoria na mumewe Albert walijengewa nyumba ya Osborne katika kisiwa cha Wight kwa mtindo huo huo. Malkia akishajenga, nani asingeiga? Kuanzia hapo upenu, tao na mnara vilisafiri pamoja na bendera, vikafika Australia na India, na hatimaye Afrika ya Mashariki. Kila kilipofika, kitu kimoja kilielekea kusahaulika, nacho ni sababu ya kila kiungo kuwekwa mahali pake.

NYUMBA YA NANI?

Hapa inafaa tutue kidogo, maana ndipo penye jambo linalowagusa wasomaji wetu wengi.

Mkulima wa Toscana aliyelala katika nyumba ile nzuri ya mawe hakuwa mwenye nyumba. Nyumba na shamba vilikuwa mali ya bwana. Mkulima na jamaa yake walikaa humo kwa mkataba wa kugawana mavuno nusu kwa nusu, na mkataba ukikatishwa walilazimika kufungasha vyombo na kwenda kutafuta shamba la bwana mwingine. Utaratibu huo ulidumu kwa karne nyingi. Ni mwaka 1964 tu ndipo sheria ya Italia ilipopiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo, na mwaka 1982 sheria nyingine ikaamuru ile ya zamani igeuzwe kuwa ya kodi ya kawaida.

Kwa kuwa nyumba ilikuwa ya bwana, bwana ndiye aliyegharimia mawe. Wakati wa utawala wa Mtawala Mkuu Pietro Leopoldo, kuanzia mwaka 1765 hadi 1790, wenye mashamba wa Toscana walihimizwa kuwajengea wakulima nyumba bora, na mwaka 1770 Ferdinando Morozzi alichapisha mjini Firenze kitabu kizima kuhusu ujenzi wa nyumba za wakulima. Fikiri, msomaji, zaidi ya miaka 250 iliyopita mtu aliketi akaandika kitabu juu ya jinsi nyumba ya mkulima inavyopasa kujengwa! Ni kweli kwamba bwana aliangalia faida yake pia, kwa sababu mkulima mwenye afya hulima zaidi. Hata hivyo msingi ulichimbwa na paa likaezekwa, na aliyelala ndani hakunyeshewa.

Askari anayekaa katika nyumba za kambi ya Makenke, polisi anayehamishwa kutoka Mbarara kwenda Moroto, na mimi mtumishi ninayekaa katika nyumba ya serikali, sote tunaufahamu moyo wa mtu aishiye katika nyumba isiyo yake. Mtu husita kupigilia hata msumari. Dirisha likivunjika, husubiri mwenye jukumu aje, na asipokuja hubandika boksi. Nyumba ya namna hiyo huchakaa huku kila mtu akiitazama.

Nakivale hali ni ngumu zaidi. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, yakiwapokea hasa Wanyarwanda waliokuwa wakikimbia machafuko ya nchini mwao. Yamo miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kuliko yote barani Afrika. Leo yana zaidi ya watu 100,000 kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko, na lugha yao ya kuelewana sokoni na kisimani, kwa kiasi kikubwa, ni Kiswahili hiki hiki unachokisoma. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 pamoja na Kanuni zake za mwaka 2010 humpa mkimbizi aliyegawiwa ardhi katika makazi ruhusa ya kuitumia kwa kilimo na malisho bila malipo. Hana haki ya kuiuza wala kuikodisha. Sera hiyo imesifiwa na mataifa mengi, na ni halali isifiwe, kwa maana nchi nyingi huwafungia wakimbizi katika mahema nyuma ya seng'enge.

Lakini tazama mzigo unaombaki mwenye familia. Tofauti na mkulima wa Toscana, hapa hakuna bwana wa kugharimia mawe. Hupewa kiwanja, turubai na zana chache, kisha hujijengea mwenyewe. Atie kiasi gani cha nguvu na fedha katika nyumba iliyo juu ya ardhi ambayo hawezi kuiuza, na ambayo ataiacha siku nchi yake itakapotulia? Akitia kidogo mno, mvua za Machi zitaliangusha ukuta juu ya watoto. Akitia kingi mno, ataiacha akiba yake yote ardhini. Wapo waliofika wakidhani watakaa miezi sita, na wajukuu wao wanasoma shule huko huko.

WAITALIANO WALIVYOTUFIKIA

Kabla ya kuingia katika ufundi wenyewe, yafaa tukumbuke kwamba mikono ya Waitaliano imefanya kazi nyingi katika upande wetu wa Afrika. Askari wetu waliowahi kuitembelea Mombasa wameiona Ngome ya Yesu. Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 hadi 1596, lakini aliyeichora alikuwa Mwitaliano kutoka Milano, Giovanni Battista Cairati. Mawe yake ni matumbawe ya pwani, na ramani yake ikitazamwa kutoka juu ina umbo la mwili wa mwanadamu.

Baadaye, katika Vita Kuu ya Pili, maelfu ya wanajeshi wa Italia walitekwa katika mapigano ya Ethiopia na Somalia, wakaletwa Kenya wakiwa mateka. Walitumiwa kujenga barabara, ikiwemo ile iteremkayo Bonde la Ufa kupitia Mai Mahiu. Kando ya barabara hiyo, mwaka 1942, walijijengea kanisa dogo la mawe ambalo wasafiri huliona hadi leo. Nalitaja kwa sababu ni jengo la watu waliokuwa mbali na kwao, wasiojua watarudi lini, juu ya ardhi isiyo yao. Hata hivyo mawe waliyapanga kwa timazi.

Katika Nakivale yenyewe wamo watu ambao nyumba za Kiitaliano si hadithi kwao. Waeritrea wanaijua Asmara, mji uliojengwa na Waitaliano kwa kiasi kikubwa kabla ya mwaka 1941 na ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017. Wasomali wenye umri mkubwa, ambao wengi wao hukaa sehemu iitwayo Base Camp, wanaikumbuka Mogadishu ya majumba meupe yenye matao, na kanisa kuu la mwaka 1928 lililojengwa kwa kufuata lile la Cefalù huko Sicilia, ambalo sasa ni gofu. Mtu aliyekulia chini ya tao la mawe leo analala chini ya bati na turubai. Haina maana kwamba amesahau baraza ni ya nini. Tazama nyumba nyingi za Nakivale, utaona kwamba mbele ya mlango pana kipande cha paa kilichosukumwa nje juu ya miti miwili, na chini yake pana benchi, mtungi wa maji, na mara nyingi kiduka cha sabuni na chumvi. Hiyo ndiyo baraza, na kazi inayofanywa hapo ni ile ile iliyofanywa na mkulima wa Toscana.

HESABU YA UPENU

Adui wa ukuta wa udongo ni maji. Huja kwa njia tatu: mvua inayoupiga ukuta kutoka ubavuni, matone yanayodunda chini na kuurukia ukuta mguuni, na unyevu unaopanda kutoka ardhini ndani ya ukuta wenyewe. Upenu mpana huzuia njia ya kwanza na kupunguza ya pili. Msingi wa mawe ulioinuka huzuia ya pili na ya tatu. Tao na nguzo hazizuii hata moja.

Sasa tuchukue kalamu. Tuseme nyumba ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4, na paa lenye mgongo katikati na mteremko wa wastani. Kutoka mgongoni hadi juu ya ukuta, kwa kufuata mteremko, ni mita 2 na sentimita 13 hivi. Ukinunua mabati ya mita 2.5, upenu utakaobaki nje ya ukuta ni sentimita 35 tu. Ukinunua ya mita 3, utapata upenu wa sentimita 80, yaani zaidi ya mara mbili. Bati moja likilaliana na jingine hufunika kama sentimita 75, kwa hiyo nyumba hiyo, pamoja na nyongeza ndogo kila mwisho, itahitaji mabati 9 kila upande, jumla 18. Tofauti ya nusu mita kwa kila bati, ukiijumlisha, ni mita 9 za bati, sawasawa na bei ya mabati manne madogo hivi. Hiyo ndiyo gharama ya kuokoa kuta zote mbili ndefu. Mwenye nyumba aliyesimamisha nguzo nne za mapambo na upenu wa kiganja kimoja hakukosa fedha, alikosa mtu wa kumpigia hesabu.

Iko tahadhari moja. Upepo unaotangulia mvua huko Isingiro una nguvu, na upenu mrefu ni kama bawa. Ndiyo sababu Waitaliano waliweka mikono. Kipande cha mti wa mkaratusi chenye unene wa kifundo cha mkono, kikitoka ukutani kwa mshazari kwenda kuushika ukingo wa paa, kila baada ya mita moja na nusu hivi, chatosha. Kenchi nazo zifungwe kwenye nguzo za ukuta kwa mkanda wa chuma au waya uliosokotwa mara mbili, usitegemee msumari peke yake. Ukilinunua bati, uliza geji: geji 28 ni nene kuliko geji 32, ingawa namba yake ni ndogo. Wapo wauzaji wanaofurahi mnunuzi asipolijua hilo.

MSINGI NA NGOZI YA UKUTA

Milima ya Isingiro ina mawe, na huyaona mtu akilima. Mawe hayo badala ya kutupwa mpakani yafaa yakusanywe msimu mzima yakisubiri kazi. Mtaro wa msingi uchimbwe hadi kufikia udongo mgumu, ambao kwa nyumba ndogo huwa kati ya sentimita 45 na 60. Mawe makubwa yalale chini, na kila jiwe liukalie mfuo uliopo kati ya mawili ya chini yake. Yapande hadi sentimita 30 juu ya ardhi, au zaidi kama kiwanja kina mteremko. Asiye na saruji ajenge kwa udongo, kisha azibe viungo vya nje kwa saruji au chokaa kidogo. Juu ya mawe, kabla ya kuanza ukuta, tandaza kipande cha turubai lililochakaa au karatasi nzito ya nailoni ili unyevu usipande. Turubai ambalo paani halifai tena hapo lina kazi ya miaka mingi.

Mwenye kujenga kwa miti ana adui wa pili, mchwa. Miguu ya nguzo ichomwe moto hadi iwe nyeusi, au ipakwe oili chafu ya injini, kabla ya kusimikwa.

Kuhusu lipu, nimeona kosa moja likirudiwa Mbarara na Nakivale, nalo huwagharimu watu wanaojitahidi. Mtu hukusanya fedha, akanunua mifuko miwili ya saruji, akapiga lipu juu ya ukuta wa udongo ili nyumba ionekane ya kisasa. Mwaka wa kwanza anasifiwa. Mwaka wa pili nyufa hutokea. Mwaka wa tatu saruji hubanduka vipande vipande kama magamba, ikiondoka na udongo wake. Sababu ni kwamba udongo hutanuka na kusinyaa kadiri unavyopata na kupoteza unyevu, ilhali saruji ni ngumu, haifuati. Tena saruji huyafungia ndani maji yaliyokwisha ingia, nao udongo ulio nyuma yake ukageuka uji. Waitaliano hawakuwa na saruji hii yetu, na ilikuwa bahati yao: walipiga lipu ya chokaa, ambayo ni laini zaidi na huruhusu ukuta kupumua. Chokaa iliyozimwa vizuri kwa maji na kuchanganywa na mchanga huendelea kuwa ngumu miezi na miaka kwa kuvuta hewa ile ile tunayoipumua nje. Asiyepata chokaa, akandike kwa udongo uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, kisha asiribe kwa samadi ya ng'ombe na majivu kama bibi zetu walivyofanya. Akina mama wa Ankole, wa Kivu na wa Burundi hawahitaji mwalimu katika kazi hiyo, na sijui kwa nini huionea haya mbele ya wageni.

Siku hizi pia zipo mashine za kusukuma kwa mkono zinazofinyanga matofali ya kufungamana, ya udongo uliotiwa saruji asilimia 5 hadi 10 tu. Hayachomwi, kwa hiyo kuni hazikatwi, jambo kubwa katika wilaya ambayo vilima vyake vinazidi kuwa vitupu. Mashine moja yaweza kutumiwa na kikundi au na kijiji kizima. Nayapendekeza kwa askari anayekaribia kustaafu na anayetaka kujenga kwao polepole, matofali mia leo, mia mwezi ujao. Lakini nayo ni udongo: yafunikwe kwa majani ya migomba na kunyunyiziwa maji kwa muda wa wiki mbili baada ya kufinyangwa, na yakishajengwa yapewe upenu.

Tao nalo si pambo tupu, ingawa nimelisema vibaya hapo juu. Matofali yakipangwa kwa duara juu ya dirisha, yakishikiliwa na kiunzi cha mbao mpaka tofali la kati lipigwe mahali pake, husukumana yenyewe kwa yenyewe na kubeba uzito wa ukuta pasipo nondo wala linta ya zege. Tao la kweli humpunguzia mtu gharama. Tao la saruji linalobandikwa baadaye juu ya linta ya kawaida humwongezea.

NYUMBA INAPOKOSA MTU

Wakulima wa Toscana walipoanza kuhamia mijini kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili, nyumba zao za mawe zilibaki tupu. Vigae vilitelezeka, mvua ikaingia katika mboriti, na katika muda wa miaka michache nyumba zilizostahimili karne mbili zikawa magofu. Zile zilizosalimika, nyingi zilinunuliwa na watu wa mijini na wageni, na sasa hukodishwa kwa watalii kwa bei ambayo mkulima wa zamani asingeiamini.

Sisi pia tunao mfano. Ufalme wa Ankole ulipofutwa mwaka 1967, kasri la Omugabe juu ya kilima cha Kamukuzi mjini Mbarara lilikosa mwenyeji wake, likachakaa. Vita vya mwaka 1978 na 1979 viliangusha majengo mengi ya mji huu kwa mizinga na baruti, lakini Kamukuzi halikuhitaji mzinga, lilihitaji tu kuachwa. Kwa upande mwingine, kiambaza cha Nakivale chenye mama anayekisiriba kila mwaka, anayezibua mfereji wa maji nyuma ya nyumba na kubadili fito moja iliyoliwa na mchwa, husimama mwaka hadi mwaka.

Kazi ya kukandika na kusiriba inataka siku kavu, kwa maana udongo mbichi ukinyeshewa kabla haujakauka huteremka wote hadi chini. Mvua za vuli katika upande wetu huanza Septemba. Kwa hiyo mawe na yakusanywe Juni, msingi uzibwe Julai, na ukuta ukandikwe mwanzoni mwa Agosti, ukiachwa wiki tatu na jua kabla ya kupewa ngozi yake ya mwisho ya samadi na majivu.